Maumivu ya Nyonga na Mashine ya Mawimbi



Tumeletewa barua na binti mmoja, msomaji wa gazeti hili, ambaye jina lake tumelihifadhi. Aeleza kuwa mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka 53, ameshikwa na maumivu ya nyonga ya upande wa kulia tangu mwaka jana. Mchana huweza kuvumilia, lakini usiku akijisahau akalalia ubavu ule, huamka na usingizi wa nyumba nzima ukaruka pamoja naye. Amekandwa kwa maji ya moto, amechuliwa kwa mafuta ya karafuu, amekunywa vidonge vya kila rangi, na amechomwa sindano moja iliyomfaa kwa muda wa miezi miwili, kisha maumivu yakarejea kama yalivyokuwa. Sasa amesikia kuwa mjini iko mashine inayotibu maradhi hayo kwa "kupiga shoti", na ameazimia kuziuza bangili zake za dhahabu, alizopewa siku ya harusi yake, apate ada ya matibabu. Binti atuuliza mambo matatu: Je, mashine hiyo ni kweli? Je, haina madhara? Na je, mama auze bangili?

Kabla ya kujibu, yatupasa tukumbushe kuwa kazi yetu sisi ni kusomesha watoto msahafu, wala hatukusomea utabibu. Haya tuyaandikayo tumeyakusanya katika maandishi ya madaktari walioijaribu dawa hii wakaandika waliyoyaona, mazuri na mabaya. Mgonjwa hutazamwa na tabibu aliye mbele yake. Gazeti haliwezi kumpapasa mtu nyonga.

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe, kwani neno nyonga limebebeshwa mambo mengi. Mtu akisema, "Nyonga yaniuma," huenda akawa ameshika kinena, au ameshika mgongo kwa chini, au ameshika ubavuni pa paja, pale penye mfupa uliotokeza. Tunayoyazungumza leo ni haya ya mwisho. Simama wima, uteremshe kiganja chako ubavuni kutoka kiunoni. Utakuta chini yake nundu ngumu, nayo ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Hapo ndipo pahali penyewe. Mwenye maradhi haya akibonyezwa hapo hushtuka. Humuuma akilalia upande huo, akipanda ngazi, akiinuka baada ya kukaa kitako muda mrefu, na akisimama kwa mguu mmoja, mathalan wakati wa kuvaa suruali. Maumivu huweza kuteremka upande wa nje wa paja mpaka karibu na goti. Ama yule ambaye maumivu yake yapo kinenani, na kuinama kuvaa viatu au kukata kucha za miguu kwamshinda, huyo aghlabu maradhi yake yamo ndani ya kiungo chenyewe, na mashine hii si yake. Kadhalika yule ambaye maumivu yashuka kutoka mgongoni, yakapita nyuma ya paja mpaka unyayoni na kumtia ganzi, atazamwe mgongo.

Kwenye nundu ile zimejishika kano za misuli ya kalio, yaani ule wa kati na ule mdogo. Kazi ya misuli hiyo ni kuizuia nyonga isianguke upande mmoja tunapotembea, kwa sababu katika kila hatua mtu husimama kwa mguu mmoja ingawa hajitambui. Juu ya kano hizo hupita ukanda mpana, mgumu kama ngozi, unaoteremka mpaka gotini. Na baina yake vimo vifuko vidogo vyenye majimaji ya kulainisha. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa kinachouma ni kifuko kilichovimba, na maradhi yakaitwa kwa jina la kifuko. Walakini walipoanza kutazama ndani kwa altrasaundi na picha nyingine, waliona sivyo. Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 877 wa maumivu haya walitazamwa kwa altrasaundi, na waliokutwa na kifuko kilichovimba walikuwa kama mmoja katika kila watano tu. Karibu nusu yao walionekana wana kano za kalio zilizochakaa.

Twasema haya kwa urefu kwa sababu jina la maradhi ndilo lichagualo dawa. Ukidhani kuwa ni uvimbe, utaleta dawa ya kuondoa uvimbe. Ukijua kuwa ni kamba iliyochakaa, utafikiri namna ya kuitia nguvu kamba na namna ya kuacha kuisugua mwambani.

Wanawake wenye miaka 40 mpaka 60 ndio wapatwao zaidi, ingawa wanaume nao wamo. Uzito wa mwili ukizidi huongeza, na kazi ya ghafla ambayo mwili haukuizoea huongeza. Hata hivyo, katika mitaa yetu wako waambiwao kuwa ni baridi iliyowaingia, na wako waambiwao kuwa ni husuda ya jirani, na ujirani wa miaka ishirini ukaharibika kwa ajili ya kano.

Sasa tuje kwenye mashine. Neno lililowatia khofu watu ni hilo la shoti, maana sisi kwetu shoti ni ya umeme, nayo huua. Jina lake khasa ni tiba ya mawimbi ya mshtuko, na mshtuko huo si umeme kupita mwilini. Ni wimbi la msukumo, jamaa yake sauti. Mtu asimamaye karibu na ngoma kubwa huhisi kifua chake kikitikisika ingawa hakuguswa na mkono wa mtu. Basi mashine hii hutumia jambo la namna hiyo, likakusanywa na kutiwa nguvu, kisha likaelekezwa mahali pamoja.

Asili yake ni Ujerumani. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier, waliokuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yaharibuvyo ndege ziendazo mbio kuliko sauti, walitambua kuwa msukumo huweza kupenya nje ya kitu pasi na kuidhuru, ukaenda kufanya kazi yake ndani. Madaktari wa Munich wakashirikiana nao, na tarehe 7 Februari 1980 Daktari Christian Chaussy na wenzake wakamtibu mgonjwa wa kwanza wa kijiwe cha figo kwa kukivunja kijiwe kile kwa mawimbi, bila ya kumpasua. Mpaka leo mamilioni ya watu wamesalimika na kisu kwa njia hiyo. Baadaye ikaonekana kuwa mawimbi yafaa pia kujaribiwa kwenye mifupa iliyokataa kuunga na kano zilizokataa kupona. Mwaka 2000 idara ya Marekani isimamiayo madawa iliruhusu mashine ya namna hiyo kwa maumivu sugu ya kisigino. Na matabibu wameitumia pia gotini, nyongani na begani.

Yafaa msomaji ajue kuwa ziko mashine za namna mbili, na zote mbili hutangazwa kwa jina moja. Ya kwanza hukusanya mawimbi yake yakakutana ndani ya mwili, kwa kina akitakacho tabibu; hiyo ni ghali. Ya pili ndiyo ionekanayo zaidi katika vyumba vya tiba ya viungo, hata huku kwetu katika miji mikubwa. Ndani ya mkono wake mna bomba. Hewa iliyoshindiliwa husukuma kipande cha chuma kikaenda kugonga kichwa cha mashine, na kichwa hicho kimewekwa juu ya ngozi. Nguvu yake ni kubwa pale ngozini kisha hutawanyika na kupungua kadiri iingiavyo ndani. Wanafizikia husema kuwa hii ya pili, kwa kweli, si wimbi la mshtuko kwa maana yao. Lakini majaribio mengi ya nyonga yamefanywa kwayo.

Mgonjwa hulazwa kwa ubavu, nyonga yenye maradhi ikawa juu. Tabibu hutafuta pale panapouma khasa, hupaka mafuta ya majimaji mfano wa yale ya altrasaundi, kisha huanza kugonga. Kwa dakika chache hupigwa vipigo 2,000 au karibu yake. Hasemi kweli amwambiaye mgonjwa kuwa hatasikia kitu: huuma, na tabibu mwema huanza kwa nguvu ndogo akazidisha kwa kadiri ya uvumilivu. Aghlabu hurudiwa mara 3, kila wiki mara moja. Baadaye ngozi huweza kuwa nyekundu, au kuvilia damu, na maumivu huweza kuzidi kwa siku moja mbili. Jinsi dawa yenyewe ifanyavyo kazi, wataalamu hawajakubaliana: wengine husema vipigo huuamsha mwili uanze upya kazi ya kujitengeneza iliyokwama, na wengine husema huichosha mishipa ya fahamu ipelekayo khabari ya maumivu. Kano haivunjwi wala haiunganishwi na mashine.

Je, yafaa? Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye fedha za watu.

Mwaka 2009 Daktari Jan Rompe wa Ujerumani na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 229 ambao maumivu yao ya nyonga yalikuwa yamekwisha kuwa sugu. Waligawa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani, la pili likachomwa sindano moja ya steroidi, na la tatu likapigwa mawimbi mara 3. Kisha wakauliza kila kundi: wangapi wamepona au wameona nafuu kubwa?

Baada ya mwezi mmoja, waliochomwa sindano walikuwa wakicheka: asilimia 75 walikuwa wameona nafuu. Wa mawimbi walikuwa asilimia 13 tu, na wa mazoezi asilimia 7. Lau gazeti lingalifungwa hapo, kila mtu angalikimbilia sindano. Lakini baada ya miezi 4 mambo yaligeuka: wa mawimbi wakawa asilimia 68, wa sindano wakarudi nyuma mpaka asilimia 51, na wa mazoezi wakapanda mpaka asilimia 41. Na baada ya miezi 15, wa sindano walikuwa asilimia 48, wa mawimbi asilimia 74, na wale wa mazoezi ya nyumbani, ambao mwezi wa kwanza walikuwa nyuma ya wote, walifika asilimia 80.

Twaomba msomaji azisome hesabu hizo mara ya pili. Mama wa binti yetu ameshaonja sehemu ya kwanza ya khabari hii mwilini mwake: sindano ikampa miezi miwili ya usingizi, kisha ikamwacha. Hiyo si bahati mbaya yake peke yake. Ndiyo ada ya sindano katika maradhi haya. Wala hatusemi sindano ni mbaya. Mtu ambaye hajalala kwa wiki tatu huenda akaihitaji ili apate pumzi ya kuanza mazoezi. Ila mwenye maradhi ya sukari amwambie daktari kabla ya kuchomwa, kwani steroidi huweza kuipandisha sukari ya damu kwa siku kadhaa.

Jaribio lile la Ujerumani lilikuwa na upungufu. Wagonjwa waligawanywa kwa zamu ya kufika kwao, si kwa kura, wala halikuwako kundi lililopigwa mashine isiyo na nguvu ili ijulikane ni kiasi gani cha nafuu kilicholetwa na matumaini tu. Kwa sababu kama hizo, taasisi ya Uingereza iitwayo NICE ilipoitazama dawa hii mwaka 2011, ilisema kuwa haikuona khatari kubwa ndani yake, lakini ushahidi wa kufaa kwake ulikuwa mchache na dhaifu, na kwamba itumiwe kwa masharti maalumu. Miaka ikapita, na mwaka 2020 madaktari wa Hispania wakachapisha jaribio lililo bora zaidi. Wagonjwa 103 waligawanywa kwa kura: wengine wakapigwa mawimbi ya kweli, ya ile mashine ya kwanza ikusanyayo, na wengine mawimbi ya kujifanya tu, na wote pamoja wakapewa mazoezi. Katika kipimo cha maumivu kianziacho sufuri mpaka 10, makundi yote mawili yalianza kwenye 6.3. Baada ya miezi 2, waliopigwa kwa kweli walishuka mpaka 2.0, na wengine mpaka 4.7.

Basi jibu la swali la kwanza ni kwamba mashine ni kweli, si uganga wala si ulaghai. Ila asemaye kuwa yaponya peke yake, na kuwa mgonjwa hana haja ya kufanya kitu kingine, huyo amezidisha, na anayezidisha huku mkono mmoja umenyooshwa kupokea ada yafaa achunguzwe.

Liko jaribio la tatu, nalo halina mashine ndani yake. Lilifanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2018, la watu 204 wenye umri wa miaka 35 mpaka 70. Kundi moja lilielimishwa namna ya kukaa, kusimama na kulala, likasimamiwa mazoezi kwa wiki 8. La pili likachomwa sindano. La tatu likapewa maelezo kidogo likaachwa lingoje. Baada ya wiki 8 walioona nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 77, la sindano asilimia 58 na nusu, na la kungoja asilimia 29. Baada ya mwaka mzima wa kwanza walikuwa bado asilimia 79, wa sindano asilimia 58, na wale walioachwa wangoje walifika asilimia 52. Yaani zaidi ya nusu ya walioachwa walipata nafuu kwa kupita siku. Na baina ya sindano na kungoja, mwisho wa mwaka, tofauti ilikuwa ndogo mno.

Kwa hiyo twamwambia binti: mama asiuze bangili sasa. Kwanza aende kwa daktari ahakikishe kuwa maradhi yake ni haya tuliyoyaeleza. Kisha aonane na mtaalamu wa tiba ya viungo, hata kama ni mara mbili tatu tu, amfundishe mazoezi na kuyasahihisha. Ayafanye kwa miezi mitatu kwa uaminifu, si siku tatu. Akimaliza muda huo bila nafuu ya maana, hapo mashine ina nafasi yake, na hapo fedha ikitumika itakuwa imetumika kwa ujuzi. Na siku atakapokwenda, aulize kabla ya kupanda kitandani: mashine yenu ni ya namna gani? Mtapiga mara ngapi? Ada mliyoitaja ni ya mara moja au ya mara zote? Je, nitaendelea na mazoezi? Akiambiwa alipe ada ya mara kumi mapema, arudi nyumbani akafikiri.

Mazoezi yenyewe ni machache. La kwanza: mtu asimame juu ya mkeka, miguu imeachana kwa upana wa nyonga, kisha ajaribu kuisukuma nje miguu yote miwili kana kwamba ataka kuupasua mkeka katikati, lakini miguu isisogee. Ashikilie kwa pumzi kadhaa, kisha alegeze. La pili: alale chali, magoti yamekunjwa, anyanyue makalio polepole na kuyashusha polepole. La tatu: akae juu ya kiti na kuinuka taratibu bila ya kujisukuma kwa mikono, magoti yasikutane. Baadaye, nguvu zikirudi, atembee kwa kwenda upande, hatua kwa hatua, kama kaa wa pwani. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si khatari. Ila yakizidi usiku ule au asubuhi ya pili, ujue umezidisha, upunguze. Ama kujinyoosha kwa kuuvuta mguu kupita upande wa pili wa mwili, jambo ambalo wengi hulifanya kwa kudhani kuwa mshipa umekaza, huko kwaubana ule ukanda juu ya kano na kuidhuru zaidi.

Na hapo ndipo siri ya maradhi yote. Kila mguu uelekeapo ndani kuvuka mstari wa katikati ya mwili, ukanda ule hukaza na kuikandamiza kano juu ya mfupa. Sasa tutazame nyumba zetu. Mama akisubiri chungu, husimama ameegemea mguu mmoja na kuitokeza nyonga. Akimbeba mjukuu, humkalisha juu ya nyonga ile ile. Akikuna nazi, hukaa juu ya mbuzi na magoti yake mawili ameyalaza upande mmoja kwa stara. Akipokea wageni mkekani, hukaa hivyo hivyo saa nzima. Baba naye barazani hukunja nne, goti juu ya goti, tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Hakuna hata moja katika hayo lenye ubaya kwa mwenye afya. Kwa mwenye kano iliyochakaa, ni kuitonesha kila siku, kisha tukashangaa dawa haifai. Asimame kwa miguu yote miwili sawa. Mtoto ambebe mbele au mgongoni. Akunie nazi juu ya kitu kirefu kidogo, magoti yakiwa yameachana chini ya leso pana. Na mkekani aegemee ukuta na kunyoosha miguu mbele.

Nanyi vijana, mnaosoma ukurasa huu kwa kuwa mmemaliza hadithi, kazi yenu hapa haihitaji fedha. Ndoo ya maji ibebwe na kijana. Nazi huweza kukunwa na mvulana, wala mikono yake haitakatika. Na mazoezi ya mama yahesabiwe na mtoto anayejua kuhesabu, jioni kwa jioni, maana mtu mzima hufanya siku nne akaacha asipokuwa na wa kumkumbusha.

Mashine hii hawapigwi wajawazito. Hawapigwi wenye maradhi ya damu kutoganda, na anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande amwambie tabibu mapema. Haipigwi mahali penye saratani wala penye usaha, wala haipigwi karibu na mapafu, wala kwenye ncha za mifupa ya watoto ambayo bado yakua. Aliyechomwa sindano ya steroidi hivi karibuni aseme, kwani matabibu wengi hungoja wiki kadhaa zipite.

Tena ziko dalili ambazo haziruhusu mtu kungoja miezi mitatu, wala kwenda kutafuta mashine, bali hospitali siku hiyo hiyo: mzee aliyeanguka na sasa hawezi kuukanyagia mguu, kwa maana huenda shingo ya mfupa imevunjika, maumivu ya nyonga pamoja na homa, mwenye saratani aliyeanza kuumwa mfupa. Mwenye kupungua mwili pasi na sababu, au maumivu yasiyopoa usiku wala mchana hata akilala vipi, asikawie naye. Na kijana mwenye selimundu akilalamika nyonga asipuuzwe kwa kuambiwa ni mpira, kwani maradhi hayo huweza kuikosesha damu kichwa cha mfupa wa paja mpaka kikafa.

Limebaki jambo ambalo binti hakuuliza, lakini twajua kuwa mama atamuuliza yeye: swala. Kusimama kwa mwenye kuweza ni lazima, na mwenye maradhi haya aghlabu huweza kusimama, khasa akiweka uzito wake sawa juu ya miguu miwili. Kinachomtaabisha ni kuinuka, na ule mkao wa tahiyyatu ya mwisho, wa kukalia kalio la kushoto na kuutoa mguu upande wa kulia. Katika madhhabu ya Imam Shafi, kukaa kwenyewe ndiko nguzo. Namna ya kukaa ni sunna. Akae basi kwa mkao autakao usiomuumiza, na akiinuka ashike ukuta au kiti kilicho karibu. Akishindwa kabisa kuinuka kutoka chini, kwa mwenye dharura kuna ruhusa zake, na mwalimu wa mtaa wake atamfafanulia kwa kadiri ya hali yake.

Kadhalika kulala kwa ubavu wa kulia ni sunna tuipendayo, na nyonga yake iumayo ni ya kulia. Huo ni ubora, si faradhi. Akiweza kuanza kwa ubavu huo kwa dakika chache juu ya godoro lililoongezewa blanketi zito lililokunjwa, aanze, kisha ageuke. Akilalia kushoto, aweke mto baina ya magoti, na mto huo usiwe mwembamba: uwe wa kutosha hata goti la juu lisishuke chini ya usawa wa nyonga, na ufike mpaka kwenye vifundo vya miguu.